Mgono wa Chambo: Historia ya Uvuvi wa Kambale katika Maji ya Ugalla, Kusini ya Tabora

Historia ya njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo mpaka Tabora na kutoka Tabora mpaka Ujiji, imeandikwa mara nyingi, na mambo yake yanajulikana: pembe za ndovu, nguo za merikani, shanga, chumvi ya Uvinza, na mabega ya Wanyamwezi yaliyobeba vitu hivyo vyote. Samaki hutajwa kwa nadra. Wakitajwa, basi ni wale wakavu wa Ziwa Tanganyika, walioletwa Tabora na wachuuzi. Lakini kusini ya Tabora, katika nchi ya Sikonge na bonde la Mto Ugalla, kulikuwa na uvuvi wa aina nyingine kabisa, uvuvi wa madimbwi na vijito, ambao shabaha yake kuu ilikuwa kambale, na ambao ulianza kabla ya ndoana kutupwa majini. Ulianza kwa mtego mdogo wa kukamata samaki wadogo walio hai, watakaokuwa chambo. Historia ya mtego huo si historia ya ufundi peke yake. Ni historia ya watu walioruhusiwa kukaa karibu na maji, na ya watu walioondolewa.

Sikonge iko yapata kilomita 70 kusini ya mji wa Tabora, katikati ya misitu ya miombo. Nchi ni tambarare, na kwa hiyo maji yake hayana haraka. Mto Wala na Mto Koga huyapeleka maji yao Ugalla, nao Ugalla huelekea magharibi na kaskazini mpaka kuungana na Malagarasi, na hatimaye maji hayo huingia Ziwa Tanganyika. Wakati wa masika mito hii hupita kingo zake na kuenea juu ya mbuga. Hapa neno hilo linahitaji maelezo. Katika Kiswahili sanifu mbuga ni uwanda wa nyasi, na siku hizi msomaji akisikia neno hilo hufikiri mara moja juu ya wanyama na watalii. Lakini kwa Wanyamwezi na Wasukuma mbuga ni ardhi ya bondeni yenye udongo mweusi mzito, ishikayo maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Mtu asiyeijua maana hii ya pili hawezi kufahamu uvuvi wa Ugalla, maana ni mbuga inayomlea kambale.

Mvua za kwanza zikishuka, kambale huacha mto na kupanda kwenye maji mapya yaliyofunika nyasi, na huko hutaga mayai. Maji yakipungua, wakubwa hurudi mtoni pamoja na baadhi ya wadogo, na wengine husalia katika madimbwi yanayozidi kuwa madogo kila juma. Samaki mwingine angekufa humo. Kambale hafi upesi, kwa sababu nyuma ya matamvua yake ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo huja juu, hutwaa pumzi, akarudi chini kwenye tope. Hana magamba. Macho yake ni madogo wala hayamfai sana katika maji machafu, lakini zile sharubu zake nane humwambia kila kitu kilicho mbele yake. Hutembea na kula zaidi usiku, na hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, vyura, mbegu, mizoga, na samaki wenzake. Watu husema kwa mzaha kwamba katika nyumba ya kambale baba ana ndevu na mtoto ana ndevu, yaani hakuna ajulikanaye kuwa mkubwa. Mzaha huo una ukweli wa kimaumbile ndani yake, na utarejewa mwishoni, kwa sababu yule mtoto mwenye ndevu naye ana historia yake katika habari za chambo.

Kwa tabia hizo mvuvi alijua mambo mawili. La kwanza, chambo kilichokufa, kama kipande cha nyama au utumbo, kitamvuta kambale, lakini kitawavuta pia kaa na kasa na samaki wadogo, nao watakimaliza kabla ya usiku kuingia. La pili, samaki aliye hai akining'inia kwenye ndoana hutikisika, na mtikiso huo hupita katika maji na kumfikia mwindaji wa usiku asiyetegemea macho. Ndiyo sababu ya kutafuta chambo hai. Mshipi hufungwa kwenye tawi au mti uliochomekwa ukingoni jioni, na mvuvi huondoka. Katika mito yenye mamba kama Ugalla, kuondoka huko si uvivu.

Mtego wa chambo ni mgono mdogo. Katika maji ya Bara kwa jumla mgono husukwa kwa fito nyembamba au matete, ukawa na umbo la pia ndefu. Mkia wake hufungwa, na mdomoni hutiwa koni ya pili, fupi, yenye ncha zinazoelekea ndani. Samaki huingia kwa urahisi akifuata nafasi inayozidi kuwa nyembamba, lakini akitaka kutoka hukutana na ncha hizo. Mgono mkubwa, wa kukamata samaki wa kula, hutegwa katika mwanya wa uzio uliojengwa kukatiza kijito, na hulala usiku kucha. Ule wa chambo hutofautiana nao kwa mambo yaliyo madogo kuyaona, makubwa kuyafanya. Husukwa kwa kubana, ili samaki wa urefu wa kidole asipenye. Huwekwa kwenye maji ya kina kifupi, pembeni mwa nyasi, mahali samaki wadogo wanapojificha. Ndani hutiwa kitu cha kuwavuta, kama pumba, makombo ya ugali, au mchwa. Tena hauachwi muda mrefu. Hutazamwa mara kwa mara, kwa sababu samaki wadogo wakisongamana hujeruhiana na kuishiwa nguvu, na chambo kilichochoka hakina faida juu ya chambo kilichokufa.

Kamba za kufungia zilitoka katika gome la miti ya miombo, na gome la miti hiyo hiyo ndilo lililotumika kutengenezea mizinga ya nyuki. Jambo hili linastahili kukumbukwa. Katika nchi ya Sikonge, ambayo sifa yake ya asali ni ya zamani, mrina asali na mvuvi mara nyingi walikuwa mtu mmoja katika safari moja: mtu aliyeingia porini wakati wa kiangazi kwa majuma mengi, akaishi kambini, akala samaki, akakausha waliozidi kwa moshi, akarudi kijijini na mizigo miwili. Waandishi waliogawa kazi za Wanyamwezi katika sura mbalimbali, ukulima hapa, ufugaji nyuki pale, uvuvi kule, wameitenganisha safari ambayo kwa mwenyewe ilikuwa moja.

Baada ya kukamatwa, chambo hai kina adui mmoja mkubwa, nalo ni joto. Samaki wadogo wa jamii ya vibarasi na wale wa jamii ya perege wanahitaji hewa iliyo ndani ya maji, na katika chungu kilichoachwa juani hewa hiyo hupungua upesi. Kwa hiyo chungu huwekwa kivulini, maji hubadilishwa, na samaki hawatiwi wengi pamoja. Kambale wadogo wana nafuu, maana huvuta hewa ya juu, na wanaweza kuishi katika maji machache ambayo yangewaua wengine. Wakati wa kutunga, ndoana hupitishwa katika nyama ya mgongo chini ya pezi, bila kugusa uti, au katika midomo. Mwenye mkono mzito hupoteza chambo kingi. Kazi ya kutega na kutunza chambo mara nyingi ilikuwa ya watoto, na kwa njia hiyo walijifunza maji kabla hawajapewa mshipi.

Neno mgono lenyewe lina habari. Pwani mtego wa samaki unaojulikana zaidi ni dema, ule wa kusukwa unaozamishwa kwenye miamba baharini, na pia ema. Mgono ni neno la maji baridi, na ndugu zake wako mbali Bara: Wabemba wana umoono, na Wachewa wana mono, na maana ni mtego wa samaki vilevile. Mpaka wa eneo hilo unaonyesha kwamba chombo na jina lake ni vya kale mno kuliko misafara, wala havikuletwa na watu wa Pwani. Wako wanaopenda kulifungamanisha jina hili na kitenzi -gona, ambacho katika lugha nyingi za Kibantu maana yake ni kulala au kukoroma, wakisema kwamba mgono ni mtego unaolala majini. Dhana hiyo inapendeza, na labda inapendeza kupita kiasi. Kiswahili kimepoteza toni, kwa hiyo hakiwezi kuwa shahidi peke yake. Shauri hili ni la kuamuliwa kwa lugha zilizohifadhi toni, na mpaka toni za jina na za kitenzi zilinganishwe, mtu mwangalifu ataliacha kama lilivyo. Zaidi ya hayo mgono wa chambo, kama ilivyoelezwa, haulali.

Chambo nalo ni neno la ngeli ya ki-vi, wingi wake vyambo, na limekwisha kupata maana ya mfano, maana mtu anaweza kufanywa chambo cha kumnasa mwenzake. Msomaji asilichanganye na chambo cha Ziwa Nyasa, ambalo kwa Kichewa ni jina la samaki mkubwa wa jamii ya perege. Maneno hayo mawili yamefanana kwa sauti, na mara kwa mara yameleta fujo katika orodha za samaki zilizoandikwa na wageni.

Nchi hii iliingia katika maandishi ya njia ya misafara kwa sababu ya vita. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba 1857, wakaendelea magharibi kwa njia ya kawaida. Lakini mwaka wa 1871 Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia hiyo ilifungwa. Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alilazimika kuzunguka. Aliondoka Kwihara mwezi wa Septemba 1871, akashika kusini-magharibi kupita Ugunda, na mwanzo wa Oktoba alipiga kambi kando ya mto aliouita Gombe. Ulikuwa mwisho wa kiangazi. Mto haukuwa ukitiririka, bali ulikuwa mfuatano wa madimbwi. Stanley alisimulia kwamba alikuwa karibu kujitupa katika dimbwi moja kuoga alipomwona mamba mbele yake. Kwa wawindaji aliisifu nchi ile sana, na macho yake yalikuwa juu ya pofu na pundamilia. Hata hivyo maelezo yake ya madimbwi ni ushahidi mzuri wa hali ya maji katika msimu ule, ambao ndio hasa msimu wa mgono na mshipi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1872, Livingstone naye aliondoka Kwihara kwa safari yake ya mwisho, akafuata upande huohuo wa kusini.

Miaka michache baadaye walikuja watu waliokaa. Msafara wa Kijerumani ulifika mwaka wa 1880 na kuweka kituo Kakoma, kisha Igonda katika Ugunda. Miongoni mwao alikuwa Dk. Richard Böhm, mtaalamu wa wanyama, ambaye alijenga kibanda cha uwindaji kwenye Mto Ugalla. Kibanda hicho kiliteketea kwa moto, na makusanyo yakapotea ndani yake. Böhm alipenda ndege kuliko viumbe wengine, na mmoja wa ndege wala-nyuki hata leo huitwa kwa jina lake; lakini pia mwaka wa 1883 aliandika habari za kiwavi cha maji baridi alichokiona Ziwa Tanganyika, jambo lililowashangaza wataalamu wa Ulaya, waliodhani viumbe wa namna hiyo ni wa baharini. Alifariki mwaka wa 1884 katika nchi ambayo sasa ni Kongo. Barua zake zilichapishwa mwaka wa 1888. Kwa upande wa lugha walio muhimu zaidi ni wamisionari wa Kimoravian, waliopokea kituo cha Urambo mwishoni mwa karne ya 19 na kufungua misheni za kusini, Sikonge ikiwa mojawapo. Edmund Dahl alichapisha kamusi ya Kinyamwezi mwaka wa 1915, na Wilhelm Blohm alitoa kitabu chake juu ya nchi na uchumi wa Wanyamwezi mwaka wa 1931. Mtu anayetaka kukusanya maneno ya uvuvi wa Bara hapana budi aanze na watu hao wawili.

Kisha yakaja malale. Ugonjwa huu ulitambuliwa Maswa mwaka wa 1922, na katika miaka iliyofuata ulionekana katika sehemu nyingi za magharibi, pamoja na nchi ya Tabora. Serikali ya Kiingereza, ikiongozwa katika shughuli hii na Dk. George Maclean, iliamua kuwahamisha watu waliotawanyika katika misitu yenye ndorobo na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa. Mabishano juu ya jambo hili hayajaisha. John Ford, katika kitabu chake cha mwaka wa 1971, na Helge Kjekshus, katika kitabu cha mwaka wa 1977, walionyesha kwamba watu wa kale walikuwa na njia zao za kuishi pamoja na ndorobo, na kwamba msitu uliohamwa ulizidi kuwa makao ya mdudu huyo. Maisha ya watu yaliokolewa, hilo halikanushiki. Lakini mabonde yaliachwa.

Kwa habari za uvuvi tokeo lake ni hili. Mtu aliyekuwa akiishi karibu na dimbwi aligeuka kuwa msafiri wa msimu. Madaktari waliona kwamba malale yale yaliwapata hasa warina asali, wavuvi na wawindaji, kwa sababu ndio walioendelea kuingia porini. Basi mwenye ujuzi wa maji akawa, katika daftari za tiba, mwenye hatari. Na mwenye kwenda safari ya majuma machache haendi na mtoto wa miaka minane. Shule ya mgono mdogo, kama inafaa kuitwa hivyo, ilipungukiwa na wanafunzi. Pengine hakuna amri iliyokusudia hayo.

Reli nayo ilibadili soko. Ilifika Tabora mwaka wa 1912 na Kigoma mwaka wa 1914, na baada ya hapo dagaa wa Ziwa Tanganyika walifika Tabora kwa mabehewa, si kwa mabega. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka wa 1928. Tawi la Kaliua mpaka Mpanda, lililojengwa kwa ajili ya machimbo ya risasi na kufunguliwa mwaka wa 1950, lilivuka Mto Ugalla wenyewe. Nyavu za kiwandani zilienea, na mwenye wavu hahitaji chambo.

Pori la Akiba la Ugalla lilianzishwa katikati ya miaka ya 1960. Kwa miongo mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia wakati wa kiangazi, kwa vibali, ili wavue na kurina asali, na hivyo ile safari ya mizigo miwili iliendelea chini ya karatasi. Mwaka wa 2000 nchi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, ambayo Ugalla ni sehemu yake, iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, ikiwa ya kwanza ya Tanzania. Mwaka wa 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na katika hifadhi za taifa uvuvi wa namna hii hauruhusiwi. Sababu za kuhifadhi zinafahamika, kwani mto umepata shida kwa nyavu zenye macho madogo na kwa mifugo mingi. Lakini mgono wa chambo haukuwa miongoni mwa vyombo vilivyoumaliza mto, nao umetoka pamoja na vile vilivyoumaliza.

Anayetaka kuona jinsi uvuvi wa chambo hai unavyoweza kugeuka kuwa biashara, na afuate ile reli ya Mwanza mpaka Ziwa Viktoria, kwa Wasukuma, ambao lugha yao na ya Wanyamwezi ni karibu moja. Huko mishipi mirefu yenye ndoana nyingi ilitegwa kwa kambale, kamongo na hongwe, na chambo chake kilikuwa furu, samaki wadogo waliojaa pwani za ziwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alitiwa ziwani, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimekwisha. Mishipi sasa ilitegwa kwa sangara mwenyewe, na chambo ilibidi kitafutwe kwingine. Kikapatikana katika kambale wadogo, kwa sababu ileile iliyojulikana kwenye madimbwi: huvuta hewa ya juu, huvumilia safari katika ndoo, na huishi muda mrefu kwenye ndoana. Walinaswa katika vinamasi, na tangu mwanzo wa karne ya 21 wafugaji wa Kenya na Uganda wamekuwa wakiwazalisha mabwawani na kuwauza kwa wavuvi. Yule mtoto mwenye ndevu, ambaye baba yake alikuwa shabaha ya uvuvi mzima, amekuwa yeye ndiye chambo.

Kusini ya Tabora hakukutokea biashara ya namna hiyo. Kambale bado huingia katika majaruba ya mpunga masika yanapokuja, na wazee waliowahi kwenda Ugalla kwa vibali bado wapo. Kamusi za Kiswahili zinatoa jina la mgono kwa ujumla wake. Jina la ile koni ya ndani, jina la mgono mdogo kwa kuupambanua na mkubwa, jina la chungu cha kutunzia chambo, na kitenzi cha kumtunga samaki hai bila kumgusa uti, ni maneno ya kuulizwa Sikonge, Ipole na Kitunda, kwa Kinyamwezi na kwa Kikimbu pia, na wa kuulizwa ni wale waliotega wakiwa watoto.